Miji miwili, chanzo kimoja cha maji: nani mwenye kauli?

Mkazi wa Masasi (swali)

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaomba mnisaidie kulielewa jambo ambalo tumekuwa tukilijadili hapa Masasi bila kufikia mwafaka. Maji ya bomba tunayotumia yanatoka katika chanzo cha Mbwinji, na chanzo hicho hicho ndicho kinachowahudumia ndugu zetu wa Nachingwea. Sisi tuko Mkoa wa Mtwara na wao wako Mkoa wa Lindi, lakini huduma iko chini ya mamlaka moja, yaani MANAWASA. Siandiki kulalamika. Nataka kufahamu namna chombo cha aina hii kinavyopaswa kuendeshwa ili kila mji uone kuwa umetendewa haki.

Yanayonitatiza ni haya. Kiangazi kikikaza na maji ya chanzo yakapungua, ni nani wa kuamua mji upi upunguziwe na kwa kiasi gani? Gharama za umeme wa pampu, dawa ya kutibu maji na mishahara zigawanywe kwa kipimo kipi: idadi ya watu, idadi ya wateja, au kiasi cha maji kilichochukuliwa? Mji wenye wateja wachache unajilindaje usizidiwe sauti na mji wenye wateja wengi? Na ikitokea siku moja Serikali ikaamua kuwe na mamlaka mbili badala ya moja, bomba kuu na matenki yatahesabiwa kuwa ya nani? Mwenye uzoefu wa hapa nyumbani, au anayefahamu jinsi miji ya nchi nyingine ilivyofanya, tafadhali atufafanulie kwa kirefu, maana majibu mafupi tumeshayasikia ya kutosha.

Mstaafu wa Maji, Lindi

Ndugu yangu wa Masasi, nimefanya kazi ya maji katika mikoa hii miwili hadi nilipostaafu, na swali lako ni miongoni mwa yale yanayopaswa kuulizwa katika kila mradi wa pamoja kabla hata mtaro wa kwanza haujachimbwa. Tutenganishe kwanza vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: maji yenyewe, miundombinu inayoyasafirisha, na huduma ya kuyafikisha kwa mteja.

Maji yenyewe si ya Masasi wala si ya Nachingwea. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma, na anayetaka kuyachukua kwa matumizi makubwa huomba kibali katika bodi ya bonde. Kwa upande wetu hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Kibali ndicho kinachotaja kiasi kinachoruhusiwa kuchukuliwa, kwa hiyo hoja ya kusema kwamba chanzo kiko karibu na sisi, basi tupewe kwanza, haina mahali pa kusimama kisheria. Huduma nayo inaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ile ile iliyoanzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini. Mamlaka zilizo chini ya sheria hiyo ni taasisi za umma. Wajumbe wa bodi huteuliwa na Waziri mwenye dhamana ya maji, na bei haibadiliki mpaka EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, iidhinishe, baada ya mikutano ya taftishi ambako wananchi hutoa maoni yao. Maana yake ni kwamba halmashauri zenu mbili hazina hisa katika mamlaka kama walivyo wenye kampuni. Zina sauti, lakini si wamiliki. Ninalisisitiza hili kwa sababu mifano mingi ya nje inahusu miji inayomiliki vyombo vyake yenyewe, na anayeinakili hapa bila kuitazama tofauti hiyo atapotoka.

Mpaka wa mkoa haupaswi kuwatisha. DAWASA inahudumia Dar es Salaam pamoja na sehemu ya Mkoa wa Pwani, na mitambo yake mikubwa ya Ruvu Juu na Ruvu Chini iko Pwani ilhali wateja walio wengi wako Dar es Salaam. Huo ni mfano wa chombo kimoja kinachofanya yote, kuanzia mtoni hadi kwenye koki ya mteja. Mfano wa pili, ambao mimi nauthamini zaidi kwa swali lako, ni wa KASHWASA. Hiyo huchukua maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele, huyasafisha, kisha huyauza kwa jumla kwa mamlaka za Shinyanga na Kahama, ambazo huyasambaza na kuyauza rejareja kwa wateja wao. Kila mamlaka ina vitabu vyake vya hesabu. Maji yanayovuja katika mitaa ya Kahama hayawezi kujificha ndani ya hesabu za Shinyanga, kwa sababu yamepita katika dira kubwa, yaani mita ya kupimia maji, kabla ya kuingia mjini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenu. Hamhitaji kuivunja mamlaka moja ili kupata faida hiyo. Kinachotakiwa ni dira kubwa pale bomba linapoachana kuelekea kila mji, na kila mji kufunguliwa hesabu yake ndani ya mamlaka ile ile. Bila dira hiyo, wajumbe wa bodi hata wakiwa waadilifu kiasi gani watakuwa wanabishana juu ya hisia.

Mhasibu wa Shangani, Mtwara

Ninamuunga mkono mzee wetu, na ninaomba nionyeshe kwa tarakimu kwa nini dira ile ina uzito. Tarakimu hizi ni za kufikirika, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabika.

Tuseme chanzo kinatoa lita milioni 10 kwa siku, na kila mji unachukua milioni 5. Mji wa kwanza una mabomba mazima na dira za wateja zinazofanya kazi, kwa hiyo unafanikiwa kuuza lita milioni 4. Mji wa pili una mabomba chakavu na maunganisho yasiyo rasmi, kwa hiyo unauza lita milioni 3 tu. Gharama ya kuzalisha maji yote ni shilingi milioni 7 kwa siku. Mkigawana gharama kwa kufuata maji yaliyouzwa, mji wa kwanza utabeba milioni 4 na wa pili milioni 3. Mkigawana kwa kufuata maji yaliyopita mpakani, yaani kwenye dira kubwa ya kila mji, kila mji utabeba milioni 3 na nusu. Tofauti ya laki tano kila siku ndiyo gharama ya uvujaji wa mji wa pili inayolipwa na wateja wa mji wa kwanza. Mbaya zaidi, mji wa pili hauna msukumo wa kuziba mabomba yake, kwa kuwa kila lita inayopotea inampunguzia mzigo.

Hata hivyo, dira peke yake haimalizi suala la gharama, na hapa ninatofautiana kidogo na mzee. Gharama za maji ni za aina mbili. Umeme na klorini hupanda na kushuka kulingana na maji yaliyosukumwa, kwa hiyo ni haki zifuate dira. Lakini mishahara ya wahandisi, matengenezo ya pampu na marejesho ya mkopo hulipwa hata siku ambayo mvua imenyesha na watu wamekinga maji ya paa. Mkizigawa hizo nazo kwa kufuata dira, mji utakaopunguza matumizi mwaka huu utamwongezea mwenzake mzigo bila mwenzake kufanya kosa lolote. Njia iliyo bora ni kila mji kutengewa sehemu yake ya uwezo wa mtambo, na gharama za kudumu zifuate sehemu hiyo, iwe imetumika au haikutumika.

Wajerumani wa kusini wanafanya hivyo. Mwaka 1954 miji na vijiji 13 viliunda umoja uitwao Bodensee-Wasserversorgung ili kuvuta maji ya ziwa la Bodensee hadi maeneo ya Stuttgart yaliyokuwa na uhaba. Kila mwanachama ana haki ya kuchukua kiasi kilichoandikwa kwa lita kwa sekunde, na haki hiyo ndiyo inayopima wajibu wake. Ni mpango wenye adabu nzuri, kwa sababu mji unaotaka kuhodhi haki kubwa kwa ajili ya ukuaji wa kesho unalazimika kuilipia leo. Wateja wa Masasi na wa Nachingwea wanaweza kuendelea kulipa bei moja ya uniti katika ankara zao, hilo ni suala la mshikamano na EWURA ndiyo yenye kuliidhinisha, lakini hesabu za ndani zitenganishwe ili viongozi wajue ni mji gani unauchangia mwenzake na kwa kiasi gani.

Dada wa Mikindani

Naomba nilijibu lile la mji mdogo kuzidiwa sauti, pamoja na lile la mali, kwa mfano wa Detroit huko Marekani. Nimeusoma kwa makini kwa sababu unagusa karibu kila kitu alichouliza mwenzetu.

Kwa miongo mingi Jiji la Detroit lilikuwa likimiliki mfumo mzima na kuiuzia maji miji ya pembezoni. Miji hiyo ililalamika kwamba inapangiwa bei na jiji ambalo wakazi wa miji hiyo hawalipigii kura. Detroit nayo ililalamika kwamba imebeba madeni ya mabomba yanayowanufaisha wengine. Jiji lilipofilisika mwaka 2013, mazungumzo ya kulinusuru yalizaa chombo kipya cha kanda, Great Lakes Water Authority, kilichoanza kazi tarehe 1 Januari 2016. Bodi yake ina wajumbe sita: wawili huteuliwa na meya wa Detroit, mmoja mmoja na kaunti za Wayne, Oakland na Macomb, na mmoja na gavana wa jimbo. Maamuzi makubwa, kama vile bei, bajeti na mikopo, yanahitaji kura tano kati ya sita.

Tafakarini maana ya kura hizo tano. Detroit haiwezi kupitisha jambo peke yake, lakini wajumbe wake wawili wakikataa kwa pamoja, jambo haliendi. Kaunti moja peke yake haiwezi kukwamisha shughuli, ila ikipata mwenzake inaweza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuburuza wengine, na wakati huo huo hakuna mmoja anayeweza kuwashika wenzake mateka. Kwa mamlaka ya miji miwili hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mji ukipewa kura ya turufu mnaweza kukwama kabisa. Ndiyo maana mjumbe wa tatu asiye wa upande wowote, kama yule wa gavana, ana thamani. Kwetu nafasi hiyo inaweza kushikwa na mjumbe anayetoka wizarani.

Kuhusu mali, Detroit haikuuza mfumo wake. Iliukodisha kwa chombo cha kanda kwa miaka 40, kwa dola milioni 50 kila mwaka, na fedha hizo zimekusudiwa kukarabati mtandao wa ndani ya jiji. Mabomba ya mitaani na ankara za wakazi zilibaki mikononi mwa idara ya maji ya jiji. Vilevile nusu ya asilimia moja ya mapato ilitengwa kwa ajili ya kaya zisizomudu ankara, jambo ambalo ningependa kuliona likijadiliwa hapa kwetu, kwa kuwa mjane anayeishi kwa kuuza mihogo hawezi kusubiri miji miwili imalize kugawana hesabu.

Ila mfano huo una upande wake wa uchungu. Flint, mji wa jirani uliokuwa ukinunua maji ya Detroit, ulijitoa mwezi Aprili 2014 ukiwa chini ya msimamizi wa dharura aliyewekwa na jimbo, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint wakati ukisubiri bomba jipya likamilike. Maji hayo hayakuwekwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani, na madini ya risasi yakaingia katika maji ya kunywa ya watu, wakiwamo watoto wadogo. Ilipofika Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit, lakini madhara yalikuwa yameshatokea. Kwa hiyo mnapoandika namna ya kuungana, andikeni pia namna ya kuachana: notisi ya muda gani, ni nani atakayethibitisha ubora wa chanzo kipya, na ni nani atakayeendelea kutoa maji hadi uthibitisho huo upatikane. Suala la kuachana kwa pupa si la fedha tu, linagusa miili ya watu.

Mwalimu wa Newala

Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wenzangu wameeleza mengi. Sisi wa Uwanda wa Makonde tunafahamu maana ya kutegemea maji yanayopandishwa. Udongo wetu ni wa kichanga na hauhifadhi maji juu, kwa hiyo wazee wetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji ya Mitema, kule Kitangari, husukumwa kutoka chini hadi uwandani, na maji hayo hayo ndiyo yanayotazamiwa Newala, Tandahimba na Nanyamba.

Katika mfumo wa aina hiyo, uadilifu wa bodi haumtoshi mtu aliye mwisho wa bomba, hata kama bomba ni la nchi gani. Presha ikishuka, anayeishi karibu na tenki bado anapata, na yule wa mwisho akifungua koki inatoa upepo kwanza, kisha matone yenye rangi ya kutu, kisha kimya. Ramani ya mgao inaweza kusema kwamba mji wake umepata lita zake zote, na ni kweli umezipata, lakini zimeishia njiani. Kwa hiyo ningeomba kipimo cha haki kisiishie kwenye dira ya mpakani. Kiwepo pia kipimo cha presha mwisho wa kila tawi, na saa za maji kufika huko zihesabiwe.

Kuna jambo jingine linalotuhusu kwa karibu. Wafini ndio waliosaidia miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazee wengi vijijini bado wanazikumbuka pampu zao za mkono. Kwao Helsinki, Espoo, Vantaa na mji mdogo wa Kauniainen, uliozungukwa na Espoo pande zote, viliunganisha huduma za maji chini ya chombo kimoja, HSY, kuanzia mwaka 2010. Lakini ushirikiano wa chanzo ulitangulia sana: handaki la kilomita 120 linaloleta maji kutoka ziwa Päijänne lilikamilika mwaka 1982. Walishirikiana kwanza katika maji ya jumla, wakazoeana kwa miaka mingi, ndipo wakaunganisha mitandao ya mitaani. Sisi huanza na kuunganisha kila kitu kwa siku moja.

Mkazi wa Masasi

Shikamoo mzee wa Lindi, na ninawashukuru nyote. Dada wa Mikindani amenifungua macho kuhusu namna ya kuachana, jambo ambalo hapa kwetu hakuna aliyekuwa amelitaja. Limebaki moja ambalo bado halijajibiwa sawasawa: mgao wa kiangazi. Je, uandikwe vipi ili usitegemee ni nani aliyempigia nani simu? Na kama dira ndiyo itakayokuwa mwamuzi, ni nani atakayeaminiwa kuisoma?

Mstaafu wa Maji, Lindi

Marahaba, kijana wangu. Mhasibu na Mwalimu wamenirekebisha vizuri, na ninakubali kwamba gharama za kudumu zifuate sehemu iliyotengwa, na kwamba presha ya mwisho wa bomba ipimwe.

Mgao uandikwe wakati wa masika, maji yakiwa mengi na watu wakiwa hawana hasira. Mkiusubiri mwezi wa Oktoba mtaandika ugomvi. Uandikwe kwa ngazi, kila ngazi ikifungwa na kipimo kinachoonekana, yaani kina cha maji chanzoni au mtiririko unaoingia kwenye mtambo. Kipimo kikishuka hadi alama ya kwanza, miji yote miwili inapunguziwa kwa uwiano ule ule wa sehemu zilizotengwa. Kikishuka hadi alama ya pili, umwagiliaji wa bustani, uoshaji wa magari na ujenzi husimama pande zote. Kikishuka hadi alama ya tatu, yanabaki maji ya hospitali, zahanati, shule za bweni na vilula vya kuchotea maji, kisha majumbani kwa zamu. Meneja hana hiari ya kuruka ngazi, na bodi haina hiari ya kubadilisha alama katikati ya kiangazi. Anayefunga vali huandika katika daftari saa aliyoifunga, saa aliyoifungua na ngazi iliyomwamuru kufanya hivyo.

Kuhusu dira, nimeona kwa macho yangu jinsi inavyoweza kuaminiwa na jinsi inavyoweza kutiliwa shaka. Chemba yake ijengwe imara, iwe na mfuniko wa chuma na makufuli mawili, ufunguo mmoja ukae kwa fundi wa upande huu na mwingine kwa fundi wa upande ule, ili asiwepo wa kuifungua peke yake. Siku ya kusoma, tarehe moja kila mwezi, wote wawili wanashuka, wanafuta tope kwenye kioo, mmoja anasoma tarakimu kwa sauti na mwingine anaandika, kisha wanapiga picha na kutia saini. Dira huchakaa, na dira iliyochakaa mara nyingi husoma pungufu, kwa hiyo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila baada ya muda uliokubaliwa na kufungwa lakiri upya. Ikiharibika, mtumie wastani wa miezi ile ile ya mwaka uliopita hadi itengenezwe, na gharama ya matengenezo iingie katika zile za kudumu ambazo Mhasibu amezieleza.

Hoja hizi msiziache hapa tu. Mkutano wa taftishi wa EWURA utakapoitishwa, ziwasilisheni kwa maandishi, na muwaone pia watu wa baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, kwa kuwa kazi yao ni kusimama upande wa mteja. Msipeleke barua mbili zinazopingana, moja ya Masasi na nyingine ya Nachingwea. Pelekeni moja yenye saini za wakazi wa pande zote, na muombe ndani yake kwamba usomaji wa dira ya mpakani ubandikwe kila mwezi katika ofisi za kata za miji yote miwili.